Sufi ya Mito ya Sitara

Mgeni binti Bushiri hakuzaliwa na utulivu. Alimwacha bintiye Sitara ana miaka saba, mikononi mwa Zamzam, shangazi wa mtoto, akaikimbia ndoa. Akaishi Tanga, kisha Mombasa, kisha Lindi, kila mahali akiondoka kabla majirani hawajalishika jina lake. Alirudi Kariakoo mwaka wa hamsini na nne, akamkuta Sitara anaolewa Ijumaa. Akaomba jambo moja tu: aijaze mito ya bibi harusi kwa mkono wake, kama mama yeyote. Zamzam alikubali shingo upande.

Sufi angeipata kwenye msufi wa Jangwani. Mti ulikwisha kupukutisha majani yote, lakini matunda yalikuwa bado kijani. Mzee Mwinyimvua, muuza kuni wa pale, alimweleza kwamba tunda la msufi halilazimishwi: ganda hukauka lenyewe, likapasuka kwa mishono yake mitano. Angoje siku tatu.

Mgeni alikwenda na kurudi asubuhi na jioni, akiyatazama kana kwamba yanamfanyia kusudi. Jumanne akashindwa. Akachukua upondo mrefu, akayaangua yote aliyoyafikia, akayapasua kwa kisu cha samaki. Sufi ilikuwa mbichi, imegandamana. Akaianika kutwa moja, akaijaza mitoni hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi, akiwa na mito kichwani, alipita tena Jangwani. Matunda machache ya juu, yale yaliyoushinda upondo, yalikuwa yamepasuka, na sufi inapeperuka hadi barabarani, nyeupe, kavu. Alisimama pale akajichukia.

Sitara alikuwa amewekwa ndani, anasingwa liwa mwilini kwa ajili ya harusi. Aliubonyeza mto mmoja, madonge matupu. Mgeni akaanza kujieleza, mara jua, mara mti, mara yule mzee wa kuni. Mwanawe akamkatiza taratibu.

"Mama, mimi nilikungoja miaka kumi na miwili. Wewe siku tatu zimekushinda?"

 Aibu ilimchoma Mgeni, na macho yake yalikwisha kuutafuta mlango. Sitara akafumua mshono kwa meno, akaimwaga sufi mkekani, akamsogezea mama yake fungu moja.

"Kaa tuchambue."

Akakaa. Walichambua donge baada ya donge. Adhuhuri ikaadhiniwa, kisha alasiri, na Mgeni alikuwa bado yuko pale pale mkekani.