Mzee Maganga Yumo Ndani, Mfumo Umesema

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa panga, si kalamu. Nilikuwa kibarua wa kufyeka mkingamo wa moto kule Sikonge, ile njia pana inayosafishwa ili moto wa kiangazi usivuke kuingia msituni. Bwana Misitu wa wakati huo, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la nne. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi wewe utaongoza miti." Sijui leo yeye yuko wapi. Mimi nina nyumba mbili Chemchem, moja ya vigae, na sikuijenga kwa cheti cha mtu. Nayasema haya mapema, vijana, ili mjue anayezungumza ni nani.

Kutoka kufyeka nikapandishwa doria. Kutoka doria wakanipeleka Tabora mjini kubeba majalada ofisi ya mkoa, kazi ya kupanda ngazi na kushuka ngazi, nikaomba mwenyewe kurudi porini. Wakanipa geti la hifadhi.

Geti si kukaa kwenye kiti. Mrina asali, yaani mvunaji, haingii bila kibali, na akiingia hukaa kambini wiki nzima au zaidi. Niliwajua wote kwa sura, kwa baiskeli, na kwa alama ya ukoo wanayochonga kwenye mizinga yao ya magome. Mhifadhi wangu wa zamani, mama mmoja mkali, aliniambia, "Mtu akipotea humo ndani sitamuuliza simba, nitakuuliza wewe." Hakupotea mtu.

Kisha kikaja kishikwambi. Kilikuja na Mhifadhi mpya, kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye heshima zake, simsemi vibaya. "Mzee, sasa serikali iko kiganjani," akaniambia. Kila mrina atasajiliwa kwa namba ya simu, kibali kitamjia kwa ujumbe, getini nitabonyeza "ingia" na siku ya kutoka nitabonyeza "toka" na kuandika ndoo za asali. Karatasi basi. Ujanja wa vibali vya kughushi basi. Nilifurahi, sitadanganya.

Ila hakuna aliyewauliza warina wanapokeaje ujumbe. Pale kijijini karibu na geti, tangu zamani, barua za watu wote zilipitia sanduku la posta la duka la kina Saidi, Waarabu wetu waliozaliwa hapa hapa. Msiba ukitokea, habari inaachwa dukani. Kwa hiyo walipoombwa namba ya simu, kila mmoja alitoa ya Saidi. Simu yake ina chaji, na dukani mtandao unashika. Wa kwanza kusajiliwa alikuwa Mzee Maganga. Waliofuata, kwa kuwa namba ni ile ile, mfumo ukawaita wote Maganga. Vijana wa ofisini waliokuwa wakisajili waliona "umefanikiwa", wakaendelea.

Asubuhi moja Mzee Maganga akafika na baiskeli yake, unga nyuma, sufuria mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fungua upesi. Nyegere wameanza kupasua mizinga."

Nilijua haraka yake. Mahindi yake yalikauka shambani mwaka ule. Asali ndiyo ilikuwa chakula cha nyumba yake, na nyegere hasubiri. Nikaingiza namba, kioo kikawa chekundu: *Mhusika yumo ndani.*

"Mzee, mfumo unasema umeshaingia."

"Nani?"

"Wewe."

Akajitazama miguu. "Na huyu ni nani? Mzimu wangu? Hebu nishike mkono."

Nikaelewa. Mkwewe, Shija, alipita juzi yake kwa namba ile ile, kioo kikawa kijani, nikafungua. Mfumo ulimwingiza kama Maganga. Nikampigia Mhifadhi, akaja na pikipiki. Akabonyeza, akafuta jasho, akabonyeza tena.

"Bosi, nimfungulie tu," nikasema. "Namjua."

"Ukifungua bila kibali, doria wakimkuta wanamkamata, na wewe unapoteza kazi."

"Basi nitoe," akasema Mzee Maganga. "Kama niko ndani, nitoe, halafu niingie. Ugumu uko wapi?"

Mhifadhi akabonyeza "toka". Mfumo ukauliza: ndoo ngapi? Akaandika sifuri. Ukakataa. Akaandika moja. Ukataka picha ya ndoo yenye asali.

"Kwa hiyo nitoke na asali ambayo sijaenda kuivuna," mzee akasema taratibu. "Na ninyi wawili mnalipwa mshahara."

Kijana wa watu akakaa chini kwenye gogo. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mzee wa geti, kwako hakuna asali yoyote?"

Kwangu asali haikosekani, mimi si mtu wa kukosa vitu. Nikaingia chumbani kwangu pale getini, nikaleta ndoo, ikapigwa picha, Mzee Maganga akatoka. Kisha akaingia. Kioo kijani, baiskeli hiyoo ikatokomea kwenye miombo.

Ila fikirini. Kwa kumtoa Maganga, Shija aliyekuwa kambini akawa hayumo. Shija alipotoka, mfumo ukamtoa Maganga aliyekuwa bado juu ya mti. Kazi yangu ya kujua nani yumo msituni ikageuka kombolela, ule mchezo wa watoto wa kujificha na kutafutana. Nikarudi kuhesabu watu kwa macho, kimya kimya, huku kishikwambi kikichaji.

Mzee Maganga alivuna. Nyegere walikuwa wamekula mizinga michache tu. Nami nilistaafu kwa hiari mwaka uliofuata, na siichukii mashine. Kinachonichosha ni watu wanaoileta imeshafungwa nati zote, wakatuuliza maoni siku ya kukata utepe. Njooni mkae getini kwanza, mnywe uji na warina, muulize barua zao zilipitia wapi.

Na ile ndoo yangu moja bado iko kwenye hesabu za serikali kama mazao ya hifadhi. Haikutoka hifadhini. Ilitoka chini ya kitanda changu. Niliomba irekebishwe. Wakaniambia nijaze maombi kwenye mfumo.