Dawa ya Kuzuia Usingizi

Haya sikusimuliwa na mtu. Nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, na mgonjwa nilikuwa mimi.

Kwenye kiwanda chetu cha sukari zamu hubadilika kila wiki, na nyapara alikuwa ameshanikuta mara mbili nimesinzia kwenye mashine. Mara ya tatu ningerudishwa shambani kukata miwa. Nikaenda zahanati moja pale Majengo.

“Shikamoo, baba,” alisema nesi.

“Marahaba. Zamu za kiwandani zinabadilika kila wiki, na nyapara hataki nisinzie. Nipe dawa ya kuzuia usingizi, tena kali. Mimi si mtu wa kulala ovyo.”

“Ukiwa zamu ya usiku unakula saa ngapi?”

“Saa tisa. Mtori, bakuli mbili.”

Akaweka kalamu chini. “Baba, mwili una saa yake, nayo inafuata jua. Saa tisa usiku hata tumbo limelala, wewe unalibebesha ndizi na nyama! Na mwili ukianza kuuzoea usiku, wanakurudisha mchana. Dawa sina. Nitamwandikia nyapara ubaki zamu ya mchana.”

Nikamjibu kwa sauti, foleni nzima isikie: “Mwanangu, saa yangu ilitengenezwa kwetu Old Moshi, haijawahi kukosea!”

Nyapara alikubali, na miwa wanakata wengine. Ila lile jibu nimelitunga. Nesi alipomaliza kuandika nilikuwa nakoroma, na barua alinipokelea mama mmoja wa kwenye foleni.