Majani Yasiyoingia Nyumbani

Tarehe 9 Aprili 1956 nilikuwa nimeketi katika kibanda nilichopewa kwenye kijiji kipya cha Kibugu, nikipima jani kwa rula ya shule na kujiona mtaalamu mkubwa.

Nilikuwa mwalimu mpya kutoka Meru, mwenye cheti cha chuo nilichokionyesha hata kwa wasiokiulizia. Kwa kuwa nilijua kuchora mimea, afisa wa misitu aliniazima kwa muhula mmoja. Alitaka kujua kama kipande cha msitu kilichokuwa juu ya kijiji kilikuwa na miti ya aina nyingi. Kama aina zingekuwa chache, kingefyekwa chote na kupandwa misonobari, na wanawake wa Kibugu wangekosa kuni na dawa zao. Lakini Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ilikuwa imeufunga msitu, na mimi sikuruhusiwa kuingia kuhesabu. Ndipo afisa alipoleta njia ya majani: nipime upana, unene, ncha, manyoya na utomvu. Majani yakitofautiana sana, miti nayo inaishi kwa namna nyingi. Yakifanana, msitu ni maskini.

Wachumaji wangu walikuwa wanawake waliokwenda kuokota kuni mara mbili kwa wiki, wakisindikizwa na homugadi, walinzi wa kijiji wa serikali, wenye bunduki. Niliwaagiza kila mmoja achume jani la kila mti atakaoupita. Wakaniletea majani mazuri ajabu, mapana na laini, yamefutwa matope, mengine yamefungwa kwenye kitambaa safi kama zawadi ya arusi. Niliwapongeza, nikajaza majedwali, nikayapeleka.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Msitu ni maskini, afisa aliandika. Majani yote ni ndugu wa tumbo moja. Misumeno ingefika Juni.

Nilimsomea barua hiyo kiongozi wa waokota kuni, mama mwembamba mwenye ulimi mkali. Alitua mzigo wake.

"Maskini? Msitu wetu?"

"Majani mliyoleta yanafanana, mama."

"Kwani ulitaka yote?"

"Nilisema kila mti!"

"Mwalimu, huko chuoni mlikuwa mkila tu? Kuna miti haiingii nyumbani. Ule ukiwashwa jikoni, mume na mke wanagombana. Ule mwingine, ng'ombe anakataa kutoa maziwa."

"Na ule wa bondeni," akadakia mwenzake, "mama mkwe anakuja na haondoki."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kiongozi akanigeukia tena. "Wewe ni mgeni, hata hujaolewa. Tukujazie kibanda majani ya ugomvi? Mama yako kule Meru angetuonaje?"

Mama yangu angewashukuru. Nilipokuwa mdogo alinichapa kwa kuburuta tawi la mti wa namna hiyo hadi mlangoni, na nilijua sababu kabla sijajua kusoma. Chuo kilinifundisha majina ya Kilatini, nami nikayafanyia nafasi kwa kutupa yaliyokuwamo.

"Basi yaleteni," nikasema, "tutayaweka nje."

"Nje wapi, na mvua hii?"

Kisha wote, bila kuambizana, wakageuka kutazama kituo cha homugadi ng'ambo ya handaki lililozunguka kijiji.

"Pale," kiongozi akasema kwa upole ulionitia hofu, "si nyumbani kwa mtu."

Mkuu wa kituo aliposikia ni kazi ya serikali, alikubali mara moja. "Leta, mwalimu. Hapa pana ulinzi."

Kwa wiki mbili wanawake walipeleka majani pale kwa bidii ambayo hakuna kazi ya lazima iliyowahi kuiona. Yalikuwapo magumu kama ngozi, yenye manyoya, yenye miiba, yenye utomvu mweupe, yenye ncha ndefu za kudondosha mvua. Niliyapima kwenye meza ya mkuu huku nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Katika wiki ya pili mpishi wa kituo alimmwagia mkuu sufuria ya maharagwe, na homugadi wawili, marafiki wa siku nyingi, wakaacha kusalimiana kwa sababu ya kipande cha sabuni. Wanawake walipopita na kuni mgongoni, waliuliza kwa heshima kubwa, "Afande, mmeamkaje?"

Ikabaki kazi ya kukiri. Nilichana barua nne. Ya tano niliipeleka:

"Kibugu, 7 Mei 1956

Bwana Afisa wa Misitu,

Majedwali ya Aprili ni mabovu, na kosa ni langu. Sikupima msitu, nilipima majani ambayo wanawake wa hapa wanaona yanamfaa mgeni. Miti wanayoiacha ni mingi, na haifanani hata kidogo. Nimeambatisha majedwali mapya na gunia la majani. Nakuomba uyatazame kabla ya kuagiza misumeno. Ukiona sistahili kuaminiwa tena, niondoe mimi, uuache msitu.

Ombi la mwisho: gunia lisifunguliwe ndani ya nyumba yako. Sidai kwamba naliamini jambo hili, lakini nimekiona kituo cha hapa, na nasikia Memsahibu wako amewasili juzi.

Wako mtiifu,
Mwalimu"