Kigari Cheupe na Goti la Mama Yako

Nakumbuka Jumapili moja ya mvua hapa Karurumo, Jumapili ambayo sijawahi kukusimulia, mwanangu Njeru, ingawa wewe mwenyewe ulikuwepo. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, umefungwa kwa shuka mgongoni mwa mama yako, na ulilia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimeamua kunyamaza nayo mpaka kaburini. Lakini jana ulinitumia picha kwenye simu, picha ya kigari cha mtoto, cheupe pe, chenye magurudumu madogo ya kuchezea, na chini yake ukaandika, "Mzee, si hii iko sawa? Nataka nimsapraizi Kendi." Nimeamka na hasira, nimekunywa chai na hasira, na nimeona heri niseme yote kabla hujakilipia.

Nikuulize kwanza. Kendi anajua? Kendi mkeo, aliyejifungua juzi tu, ambaye kila asubuhi hushuka ngazi za hiyo nyumba yenu ya kupanga hapo Nchiru na mtoto mgongoni, aende kufungua kibanda chake cha chapati kabla wanafunzi hawajatoka hosteli, na ambaye sasa atashuka na wawili. Ulimuuliza? Hukumuuliza. Usinijibu, najua hukumuuliza, kwa sababu huyo kijana unayemwiga namfahamu vizuri. Ni mimi.

Nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa wakati huo. Sikuwa mtu mkubwa, lakini nilivaa shati jeupe na kalamu mfukoni, na katika kituo hiki chetu kidogo cha soko hiyo ilitosha kumvimbisha mtu kichwa. Wewe ulikuwa hujakaza miguu vizuri, mara dada yako Muthoni akazaliwa. Mama yako akawa na watoto wawili wasiotembea. Mmoja mgongoni, mwingine mikononi, na kuni, na maji, na kanisa liko juu ya mteremko kule, na sisi tuko chini huku. Hakulalamika. Alisema mara moja tu kwamba ameona mjini kigari cha kukalisha watoto wawili, na kwamba kingemsaidia. Nikasema nitanunua. Nilifurahi kweli, mwanangu, lakini haikuwa furaha ya kumpunguzia mzigo. Nilikuwa tayari nimeona jinsi watu wa Karurumo watakavyogeuka kututazama.

Tulienda naye Embu mjini. Dukani kulikuwa na vigari viwili. Kimoja kilikuwa kikuukuu, rangi ya majivu, kizito, kina viti viwili, magurudumu yake makubwa ya mpira na breki ya chuma inayoshikwa kwa mkono. Kingine ni hicho cheupe. Kilikuwa na pazia la lesi, na kiti kimoja tu.

Mama yako alifanya jambo ambalo siku hiyo lilinichoma uso kwa aibu. Alichuchumaa chini akakamata gurudumu, akalitikisa. Akaweka mfuko wetu wa sukari na unga ndani ya kile cha kijivu, akakisukuma mpaka mlangoni, akakiinamisha kama mtu anayeshuka mlima, akavuta breki. Akasubiri. Kikasimama. Akarudia na cheupe, na mfuko ukamwagikia sakafuni. Muuzaji akacheka, na mimi badala ya kumtazama mama yako nikamtazama muuzaji, nikacheka naye. Hebu fikiria hilo. Nilicheka na mtu nisiyemjua, nikimcheka mke wangu ambaye ndiye peke yake mle dukani aliyejua anachofanya.

"Baba Njeru," akaniambia polepole, "hiki cheupe ni cha nyumba iko na sakafu. Sisi tuko na mteremko."

Nikamwambia ananichelewesha. Nikalipia cheupe. Mama yako alibeba mfuko wake mpaka stendi bila kusema neno, na mimi nikafikiri ni kwamba amekubali. Wanaume huwa tunajidanganya hivyo, mwanangu, mke akinyamaza tunaandika kwamba ameridhika.

Sasa hapa lazima nikukumbushe jambo unalolijua, kwa sababu hadithi yote inakaa juu yake. Kwetu Embu hatusumbuki kutafuta jina la mtoto. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba, msichana wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba. Wewe ni Njeru kwa sababu baba yangu alikuwa Njeru. Dada yako ni Muthoni kwa sababu mama yangu ni Muthoni. Na hatusemi kwamba mtoto amepewa jina la nyanya basi yakaisha. Mtoto ndiye nyanya. Mama yangu alikuwa akiingia kwetu anauliza, "Mimi nimenyonya leo? Mimi nimelala vizuri?" Akiuliza habari za mtoto. Sisi tulikuwa tunacheka, lakini yeye alikuwa hachezi.

Jumapili ya ubatizo wa dada yako ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na barabara ilikuwa imechimbwa mifereji na maji. Mtu mwenye akili angeacha kigari nyumbani. Mama yako alitaka kukiacha. Nilikataa, kwa sababu Jumapili hiyo ndiyo niliyokinunulia. Kupanda kanisani kulikwenda vizuri, maana wanawake wa jumuiya walisaidia kukiinua penye tope. Watu waligeuka kutazama, kama nilivyotaka. Nilikuwa mbele na wanaume wenzangu, mikono mfukoni, Biblia kwapani. Mikono mfukoni! Hata sasa nikiiona mikono hii natamani kuichapa.

Wakati wa kurudi tulikuwa tunateremka. Mimi mbele tena, nikizungumza bei ya kahawa. Nyuma yangu mama yako alikuwa na wewe mgongoni, kikapu cha sufuria kwenye mkono, na mkono mwingine umekishika kigari chenye dada yako, akikivuta kwa nyuma kisimkimbie, kwa sababu breki hakikuwa nayo ya kusema. Hapo kwenye daraja dogo la simiti, unapapita kila ukija nyumbani, gurudumu la mbele liliingia kwenye mfereji likakwama, na kigari kikapinduka mbele.

Mama yako angeweza kukiachilia. Hakukiachilia. Alijitupa mbele ili kimwangukie yeye, na kwa sababu ulikuwa mgongoni hakuweza kugeuka aanguke ubavu, angekuponda. Akaanguka kwa goti, juu ya ukingo wa simiti, na uzito wako na wa kigari juu yake. Dada yako aliteleza nje ya kigari, akaingia mtaroni kwenye matope.

Nilisikia kelele nikageuka. Nikaona mke wangu amepiga magoti kwenye tope, nikaona wewe unalia, nikaona pazia la lesi limechafuka na chuma cha mbele kimepinda. Na neno la kwanza lililotoka kinywani mwangu, mbele ya waumini wote, lilikuwa hili: "Umekivunja."

Nimeshalisema. Sijawahi kulisema kwa mtu yeyote tangu siku hiyo.

Mama yangu ndiye aliyeingia mtaroni. Mwanamke mzee na nguo zake za kanisani. Alimtoa dada yako, akamsafisha mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, akamgeuza huku na huku mpaka mtoto akalia vizuri, kilio cha mtoto asiyeumia. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akaniinulia yule mtoto usoni.

"Wewe Nyaga," akasema. "Umenitupa mtaroni. Mimi niliyekuzaa."

Hakuna aliyecheka. Nikaanza kusema mambo ya barabara, mambo ya mvua.

"Sijakuuliza mvua. Nauliza nani alichagua hiki kitu. Ni Wawira mkeo?"

Nikasema hapana.

"Na nani alikuwa akinisukuma?"

Nikasema ni Wawira.

"Sasa uliona wapi mtu anamnunulia mwenzake jembe kwa sababu mpini ni mzuri, na yeye mwenyewe halimi?"

Mama yako hakuweza kusimama. Goti lilikuwa limevimba tayari. Jirani mmoja akakimbia akaleta wilbaro yake, ile ya kubebea mbolea, na wanawake wakatandika shuka ndani yake. Wanaume wawili wakaishika mishikio. Mama yangu akawafukuza. Akakufungua wewe mgongoni mwa mama yako, akaniinamisha kwa kunibonyeza shingo, mimi karani, na akakufunga mgongoni mwangu kwa shuka, akakaza fundo hapa kifuani. Wewe hujui maana yake kwa mwanamume wa hapa, siku ile, mbele ya kanisa zima. Kisha akaniambia nishike wilbaro nimpeleke mke wangu zahanati, kule juu tulikotoka.

Nikasukuma. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, lakini tulipofika kwenye kona ya kwanza nilikuwa nahema. Wewe ulikuwa unanivuta shingo kwa nyuma, mikono inaungua, miguu inateleza. Na ile wilbaro chafu yenye gurudumu moja nene ilipita kwenye mfereji uleule bila kukwama. Niliona hilo. Nilielewa hapohapo alichokuwa akitafuta mama yako alipochuchumaa dukani akitikisa magurudumu. Yeye alikuwa ndani ya wilbaro, uso umegeukia pembeni, anauma kona ya leso yake asilie. Hakunilaumu hata mara moja, wala hajanilaumu mpaka leo, na laiti angenitukana ningelala vizuri zaidi miaka hii yote.

Unajua anavyoshuka ngazi za kanisa, mguu mmoja kwanza, kisha anauvuta wa pili. Mliambiwa nyinyi watoto kwamba aliteleza akichuma kahawa. Uongo. Ni mimi niliyeutunga, na yeye akauacha ukae ili msinidharau. Goti lile nimelivunja mimi, kwa lesi nyeupe.

Kwa hiyo usiniulize kama iko sawa! Haiko sawa. Na sikasiriki kwa sababu unanunua kigari. Wako wazee hapa watakaokuambia kwamba mama zetu walibeba mgongoni na hawakufa. Waambie waje wanitazamie goti la mama yako wanieleze mgongo ule ulimsaidiaje siku ile. Nunua kigari, mwanangu. Una watoto wawili wasiotembea mbali, unakihitaji kuliko hata hiyo televisheni yenu. Ninachokukataza ni kununua cha kupigia picha, na kukinunua kwa siri, halafu unaita siri hiyo mapenzi.

Futa hiyo picha. Jumamosi mchukue Kendi mwende dukani pamoja, na mtoto mkubwa mwende naye. Akichuchumaa kutikisa magurudumu, chuchumaa naye. Muuzaji akicheka, tokeni mwende kwa mwingine. Mwache aweke uzito ndani, akiinamishe, ajaribu breki mara kumi akitaka, akikunje kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto, kwa sababu kwenye ngazi zenu ndivyo itakavyokuwa. Akichagua kibaya cha sura, mshukuru. Akisema hataki kabisa, anataka shuka na mtu wa kumsaidia kushuka asubuhi, basi mtu huyo ni wewe, ofisi itakusubiri dakika kumi. Na chochote mtakachonunua, wiki ya kwanza kisukume wewe, kutoka mlangoni mpaka kibandani, wanafunzi wakutazame wachoke. Usitembee mbele yake mikono mfukoni. Nikisikia umetembea mbele yake mikono mfukoni nitakuja Nchiru mimi mwenyewe na shuka, na fundo nalijua kulifunga.

Kisha tazama majina, Njeru. Msichana wako ni Wawira, ndiye mama yako. Umewahi kumwangusha mama yako mara moja ukiwa mgongoni mwake, na hilo halikuwa kosa lako. Na huyu mvulana wa juzi ni Nyaga. Nyaga ni mimi.

Mungu ayape magoti ya Kendi afya mpaka awe nyanya na bado ashuke ngazi akiimba. Awape watoto wako njia kavu, na wewe akupe mikono isiyopenda mfuko. Nakutemea mate ya baraka kifuani kwa mbali, kama baba yangu alivyonitemea. Na mimi nikilazwa ndani ya hicho kigari chenu, mwanangu, nikifumbua macho nataka niuone uso wako juu yangu, una jasho, unasukuma.