Siku Nilipomwambia Mtu wa Bima Sina Kitu

Irakoze nilianza kumwonea wivu tukiwa na miaka tisa, kwenye kambi ya wakimbizi Kasulu, kwa sababu ya ndoo. Yeye alikuwa na ndoo yenye mfuniko, mimi nilikuwa na dumu lililokatwa shingo. Tangu hapo sijapumzika. Watu wa kanisa letu hapa West Side, Buffalo, wananijua kama Angelika fundi cherehani, mama wa kucheka na kila mtu. Hawajui tumboni kuna nini. Leo nasema, na atakayenuna anune.

Nyumba zetu za udongo kule kambini zilipeana mgongo. Tulichota maji pamoja, tukabatizwa siku moja, tukaitwa kwenye safari ya Marekani mwezi mmoja. Wao wakapelekwa Louisville, sisi Buffalo. Nililia sana uwanja wa ndege, watu wakasema, tazama wanavyopendana. Wapi! Nilikuwa nimeambiwa kwamba Louisville haina baridi.

Huko Louisville alikaa Okolona, akifanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Akanitumia picha ya makochi mekundu, yana vishikio vya mbao, na yeye amekaa katikati kama bibi harusi. Nikaiangalia picha ile mpaka simu ikazima. Baada ya miaka miwili picha zikakatika ghafla. Nikapiga, hapokei. Halafu nikasikia wamehamia Columbus, anatunza wazee. Nikasema, haya, ameshashiba, ametutupa.

Kumbe sikujua kitu. Lakini hayo nitayafikia.

Miaka minne baadaye mume wake akapata kazi Tonawanda, kiwanda kimoja na mume wangu Sylveri, na ghorofa ya juu ya nyumba tuliyopanga ikawa wazi. Nani aliwaambia iko wazi? Mimi. Kwa mdomo wangu huu. Basi wakaja, wakakaa juu, sisi chini, kwenye nyumba ya mbao ya zamani ambayo ngazi zake zinalia mtu akikohoa. Kuanzia hapo nikawa nasikia maisha ya Irakoze kupitia dari. Nilisikia friza jipya likiburuzwa. Nilisikia mwanawe Ezéchias akiruka juu ya kitanda ambacho hakilii, maana yake ni kipya. Nikiwa napika maharage, harufu ya mbuzi inashuka.

Na alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila akinunua kitu, anakipiga picha. Si yeye na kitu, hapana, kitu peke yake. Sufuria. Pasi. Siku moja nilipanda kuomba chumvi nikamkuta amefungua kabati, anarekodi video ya nguo moja moja, kimya, kama polisi.

"Unamtumia nani hizo?" nikamwuliza.

"Simtumii mtu, dada Angelika. Ni za bima."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Bima ya sufuria! Mwenye nyumba si ana bima? Nyumba ni yake, ikiungua ni shida yake. Irakoze akasema bima ya mwenye nyumba inalinda kuta na paa, vyombo vya mpangaji haivijui. Nikamwona anajifanya mwalimu. Nikachukua chumvi yangu nikashuka.

Haikupita wiki akaniletea mtu. Jina lake Kwizera, kijana wa Kirundi mwenye shati lililopigwa pasi, anauza bima za magari na za wapangaji. Aliamkia vizuri: "Shikamoo mama." Irakoze mwenyewe alimfikisha mlangoni, akasema, "Dada, msikilize tu," akapanda zake juu.

Sasa hapa lazima nieleze, maana asiyelelewa kambini ataniona mjinga. Kwetu, mtu akiingia nyumbani na daftari, kitu cha kwanza mkono unaficha. Baiskeli inapelekwa kwa jirani. Kuku wanafunikwa na tenga chini ya kitanda na unaomba Mungu wasilie. Kwa sababu mwenye daftari akiona una kitu, anasema huyu anajiweza, na blanketi linakwenda kwa mwingine. Mama yangu alinifundisha jibu moja tu la kumpa mtu wa daftari. Unaangalia chini, unasema, "Sina kitu."

Mimi nilikuwa na vitu! Chumba cha nyuma nilikuwa na cherehani tatu. Moja ya kawaida, moja ya kupindia kingo za nguo, na moja kubwa ya kiwandani, ambayo niliinunua kwa mizigo niliyobeba Tonawanda majira mawili ya baridi. Hiyo kubwa ikishona, hata Irakoze juu anatulia kusikiliza. Ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho na yeye hana. Kabla hawajabisha hodi nilimwona Kwizera dirishani anapangusa viatu, nikakimbia chumba cha nyuma, nikazifunika zote blanketi, nikafunga mlango. Mkasi wangu wa ushonaji, ambao sikai nao mbali, nikaukalia.

Kwizera akafungua karatasi zake mezani. "Mama, una nini humu ndani?"

Nikaangalia chini. "Sina kitu, mwanangu."

"Hata televisheni?"

"Ya kuazima."

"Mama, bima hii si kubwa. Kwa mwezi ni bei ya kuku wawili wa dukani. Nyumba ikiharibika, vitu vyako vinalipwa, na mnalipiwa pa kulala mpaka itengenezwe. Mwanao akimwaga maji yakaharibu kwa jirani, pia inasaidia. Na kama una kazi unafanya nyumbani, ina kipengele chake, ukisema naandika. Nasikia wewe ni fundi."

Aha! Amesikia kwa nani? Kwa wa juu. Nikaona mchezo wote. Irakoze ametuma mtu aje ahesabu cherehani zangu apeleke habari. "Nilikuwa fundi," nikasema. "Niliacha." Na nimekaa juu ya mkasi, baridi yake inapita kwenye kitenge.

Kijana akakusanya karatasi zake, akaacha kadi, akaondoka. Nikafurahi siku nzima. Nilishinda.

Hiyo ilikuwa Novemba. Mwezi wa pili, Elisabeth, mama mmoja wa kwetu anayeishi Columbus, akanipa kazi ya harusi ya binti yake: magauni tisa ya wasimamizi, kitenge cha bluu na dhahabu alichoagiza kutoka nyumbani. Yeye alitaka kumpa fundi wa hukohuko Columbus, nikambembeleza kwa simu wiki nzima, nikamwambia hakuna anayekata mkono wa gauni kama mimi. Nilishayakata yote. Mawili yalikuwa yamekamilika, yananing'inia kwenye mlango wa chumba cha nyuma.

Jumatano saa nane mchana niko kazini Tonawanda, nafunga maboksi, Irakoze akapiga. Yeye hanipigii nikiwa kazini. "Dada, njoo. Watoto wote wako shule, wazima. Njoo."

Nilipofika, barabara ilikuwa imefungwa na magari ya zimamoto. Moto ulianzia chini kabisa, stoo ya chini ya ardhi, kwenye nyaya za zamani. Na juu ya hiyo stoo kuna nini? Chumba changu cha nyuma. Sakafu ilikuwa imeanguka, na cherehani kubwa imeanguka nayo. Wa juu walipata moshi na maji. Mimi nilipata shimo. Maji ya zimamoto yaliganda kwenye ngazi za mbele, nikateleza mara mbili nikilazimisha kupita, afande mmoja akanishika mkono akaniambia maneno sikuyasikia.

Nilikuwa na mkoba begani. Ndani yake chakula cha mchana na mkasi.

Wivu mnaujua nyinyi? Nadhani hamuujui. Jioni ileile Irakoze na familia yake walikwenda hoteli, bima inalipa. Hoteli yenye chai ya asubuhi na bwawa la kuogelea ndani, nje theluji! Ezéchias akarusha picha anaogelea. Wanangu waliiona wakiwa wamelala sakafuni kwa binamu ya Sylveri, sita kwenye chumba kimoja, na Niyonkuru wangu akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini sisi hatuendi. Nikampigia kelele mtoto wa watu. Alikuwa hajakosea kitu.

Wiki ya pili, mafundi wa mwenye nyumba wakaja. Madirisha mapya, mbao mpya, rangi. Nilipita na basi nikayaona. Hata nyumba ilikuwa na bima! Ile nyumba mbovu ilipata dirisha kabla mimi sijapata kijiko. Niliionea wivu nyumba, jamani. Nimefika hapo.

Kanisani wakachanga, kama kawaida yetu. Blanketi, masufuria, viatu. Mchungaji akasema tutagawa kwa familia mbili. Irakoze akasimama, amevaa koti jipya, akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Fungu letu apewe dada Angelika. Sisi bima inatuhudumia." Watu wakasema amina. Amina yao iliingia kwangu kama sindano chini ya ukucha. Nilipokea masufuria ya Irakoze mbele ya kanisa zima nikasema asante.

Lakini kilichonivunja ni harusi. Ilibidi nimpigie Elisabeth kumwambia kitenge chake hakipo. Hakunifokea. Angenifokea ningepona. Alisema, "Pole, Angelika," halafu akampa kazi yule fundi wa Columbus, kwa kitenge kingine, cha kijani. Jumamosi ya harusi picha zikaja kwenye simu. Mikono ya magauni imekaa vizuri. Nilitafuta kasoro, nikakuza picha mpaka ikawa vidoti, sikuona.

Jumatatu nikaenda hotelini. Irakoze alikuwa amekaa ukumbini, ana karatasi na simu, anawatumia watu wa bima video zake za sufuria, na kwa kila sufuria wanamlipa. Sikuketi.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua mambo haya ukayala peke yako! Ndoo ulikuwa nayo wewe, Louisville ulipata wewe, makochi wewe, na sasa hata moto umekunufaisha wewe!"

Watu wa mapokezi wakageuka. Irakoze akaweka simu chini.

"Dada Angelika, si nilikuletea mtu mpaka mlangoni?"

"Ulileta mpelelezi!"

Halafu akaniuliza polepole, "Ulimwambia nini? Ulimwambia huna kitu?"

Nikaubana mkoba kifuani.

"Na cherehani ulizifunika blanketi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna." Akasogeza kiti kwa mguu ili nikae. "Yale makochi mekundu ya Okolona, unayakumbuka? Dada wa ofisi ya apatimenti alikuja na fomu ya bima. Akauliza nina nini. Makochi nikayafunika shuka, nikakaa chini sakafuni kama maskini, nikasema sina kitu. Akaniamini. Miezi mitatu baadaye, jirani akasahau mafuta jikoni, jengo letu lote likaungua. Makochi, vitabu vya shule, Biblia ya mama yenye majina yetu sote. Nilinyamaza mwaka mzima kwa sababu ya aibu. Ningekwambia nini wewe, na nilikuwa nimekutumia picha? Columbus nilinunua bima kabla ya godoro."

Nikakaa. Nililia mbele ya watu wa mapokezi, na wakati nalia nikajikuta nawaza: hata kosa langu, huyu amenitangulia. Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka, na mimi nikacheka na kamasi zangu.

Mwezi wa nne tukapata vyumba viwili karibu na shule. Irakoze alikuja na Kwizera bila kuniuliza. Kijana akaamkia, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa maana viti havikuwepo, akafungua karatasi zake juu ya goti. Sauti yake haikuwa na kisirani hata kidogo.

"Mama, una nini humu ndani?"

Nikainua macho. Niliangalia chumba, godoro moja, blanketi la kanisa, masufuria ya Irakoze. Mlango wa chumba cha nyuma uko wazi na ndani hamna kitu ila kuta. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kusema maneno ya mama yangu, na kabla hayajatoka nikagundua kwamba safari hii ni ya kweli.

Kwizera alisubiri. Irakoze alikuwa anaangalia dirishani, akijifanya hayupo.

Nikavuta mkoba, nikautoa mkasi, nikauweka sakafuni mbele yake.

"Nina mkasi," nikasema. "Andika. Mkasi wa fundi, mmoja. Na fundi anafanya kazi humu humu, uandike na hilo."

Akaandika. Irakoze akatoa simu, akainama, akaupiga mkasi wangu picha, mmoja, peke yake. Kisha akanitumia. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga mimi, na hilo nalo liliniuma.