Mahubiri Yaliyozimwa kwa Pambio

Je, watu wanaweza kumwimbia Mungu kwa nguvu zao zote huku wakijua kwamba wimbo wenyewe umeanzishwa ili kumnyamazisha mtu anayesema kweli? Swali hili nimelibeba tangu miaka ya tisini, tangu msimu mmoja wa masika nilipokuwa na umri wa miaka kumi, na elimu yote niliyoipata chuo kikuu haijanisaidia kulijibu. Kila linaponirudia, husikia kwanza mvua ikiyapiga mabati ya kanisa letu la Kabiro, Kawangware, kisha hunijia harufu ya makoti yaliyolowa na ya maranda yaliyotandazwa sakafuni ili yafyonze matope.

Mama yangu aliuza mboga siku sita za juma, na Jumapili moja ya kila mwezi, zamu ya akina mama, alihubiri. Alihubiri kwa Kikamba, lugha ya kwao Kitui. Kwa kuwa waumini wengi walikuwa wametoka pande za Ziwa, kijana wa kwaya alisimama kando yake akitafsiri kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Sijaona furaha inayofanana na ile aliyokuwa nayo akiandaa mahubiri. Aliyaanza Jumatatu, akikatakata sukuma wiki, akitujaribia sisi watoto kila wazo: tukipiga miayo, alilitupa; tukisahau kutafuna, alilihifadhi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni naye alikionea haya. Kumpimia mteja nyanya kwa Kiswahili aliweza. Kukipandisha madhabahuni hakuthubutu.

Masika yale, Kalondu, mjane kijana aliyepanga chumba katika ploti ya jirani, alijifungua majuma machache baada ya kumzika mumewe. Mwenye ploti, Mzee Nzioka, alikuwa pia mzee wa kanisa, mkaa kiti cha mbele. Alitangaza kwamba hapangishi wanawake wasio na waume, eti wanaiharibia ploti jina. Hakumtupia vyombo nje. Alifanya kama walivyofanya wenye ploti wengi: alimleta fundi, akaung'oa mlango, akaenda nao. Mpangaji asiye na mlango huhama mwenyewe, na mwenye nyumba hubaki na mikono safi. Lakini Kalondu hakuwa na pa kuhamia. Alitundika shuka pale mlangoni, na mvua ikamfuata mpaka kitandani alipolala na kitoto chake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuja kanisani kimefunga tai.

Jumapili ya zamu ya Mama, Mchungaji Elija, Mkamba mwenzetu, alimvuta kando kabla ya ibada. "Mama Nduku, leo tuhubirie upendo. Mambo ya ploti tuyaache huko kwa ploti." Kisha akasema kwamba siku hiyo angetafsiri yeye mwenyewe.

Mama alihubiri juu ya Yesu asimamaye mlangoni akibisha. Kwa Kikamba alisema waziwazi, "Akifika kwa Kalondu, atabisha wapi? Mlango umeng'olewa, na aliyeung'oa ameketi humu." Mchungaji akatabasamu, akatafsiri: "Mama anasema, tumfungulie Bwana milango ya mioyo yetu."

"Amina!" wakaitikia watu wa Ziwa. Wakamba waliinamisha vichwa.

Mama alimgeukia. Kisha akaanza kusema kwa Kiswahili chake chote kibovu. "Hapana. Mimi sikusema hivyo. Nasema Yesu anakuja kwa Kalondu. Atabisha nini? Atabisha shuka? Mlango iko kwa Mzee Nzioka, huyu hapa mbele!"

Wasichana wa kwaya walicheka, wakakoma. Mzee Nzioka akainuka. "Mchungaji, shusha huyu mama! Hapa si soko ya sukuma!"

"Wacha aongee, mzee," sauti ikatoka nyuma. "Ama ni uongo?"

Hapo ndipo Mchungaji Elija alipoanzisha pambio. Mpiga ngoma akalidaka, na kanisa zima, Wakamba na watu wa Ziwa, hata wale walioishi ukuta kwa ukuta na Kalondu, wakasimama, wakapiga makofi na kuimba. Mama aliendelea kuhubiri. Niliona midomo yake ikicheza na mishipa ya shingo ikimtoka, lakini sikusikia neno hata moja.

Hasira ya siku hiyo haijanitoka, wala siombi initoke. Siku hizi mimi pia hualikwa kuhubiri, katika makanisa ya mawe yenye vipaza sauti na viti vya mto. Mkalimani hahitajiki tena, na mabati hayapigi kelele. Hata hivyo, kila ninapoalikwa, hunijia mtu mpole kabla ya ibada, akanishika kiwiko na kuninong'oneza ni jambo gani lisiguswe, kwa kuwa mheshimiwa fulani atakuwepo. Tumejenga kuta imara zaidi. Woga ni ule ule.

Jioni ile akina mama walijazana chumbani kwetu. "Mwenye nguvu mpishe, Mama Nduku," mmoja wao akasema.

"Nimempisha mpaka njia imeisha," Mama akajibu. Akakoroga chai. "Mlango wa kanisa ulinunuliwa na nani?"

"Si ni sisi? Chama cha akina mama."

"Basi kesho tunautoa."

Walicheka, mpaka walipoona yeye hacheki.

Asubuhi iliyofuata waliubeba vichwani chini ya mvua, kutoka kanisani hadi kwa Kalondu, na watu wakatoka majumbani kutazama. Mzee Nzioka alisimama kwenye lango la ploti, akafoka kwamba huo ni wizi wa mali ya Mungu. Walimpita. Mlango ulizidi fremu kwa kimo. Fundi waliyemleta akaukata chini kwa msumeno, akapigilia bawaba. Kalondu hakusema asante. Aliingia na mtoto wake, akaufunga, akasukuma komeo kwa ndani, akatuacha sote nje tukinyeshewa.