Mguu wa Kushikia Mti

Rafiki yangu, hii siambii kila mtu, lakini wewe nakuambia. Ni habari ya mguu wa baba watoto.

Mzee wangu ni mchongaji. Anachonga twiga na vifaru hapa nje ya nyumba yetu Njiru, chini ya mabati. Baba yake alimfundisha vile wanachonga kwao Ukambani: unakaa chini, unabana mti katikati ya nyayo mbili, halafu unapiga tezo, kile kishoka kidogo. Mguu ndio unashika. Mkono unakata tu.

Mwanzoni hakuna mtu alijua ako mgonjwa. Tukienda kanisa alikuwa anasimama kwa kila kibanda. Anasalimia mama mboga, mbele kidogo anasimama kwa fundi wa viatu, anauliza habari ya kuku. Vijana wa boda walikuwa wanamtania, "Niaje mheshimiwa! Unagombea kiti gani?" Anacheka. Mimi nimetangulia na Biblia, nanung'unika ati tutapata ibada imeanza.

Halafu siku moja tezo ikamkata kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, na hakusikia. Ni mimi niliona damu kwa vumbi la mbao. Kidonda kikakataa kupona. Mguu ukawa baridi, kidole kikaanza kuwa cheusi. Akina mama wa ushirika wakaja tukaomba, na mmoja akasema nimkande na maji moto ya chumvi. Maji ilinichoma mikono, na yeye anasema bado haijapata moto.

Daktari wa kliniki ya karibu alituambia tujitayarishe, huenda mguu ukakatwa. Akatutuma hospitali kubwa. Tulipofika kwa geti mzee akasimama.

"Turudi nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Mama watoto, wakikata huu mguu nitashika mti na nini? Meno?"

"Na ukizikwa utashika na nini?"

Akaangalia barabara ya kwenda stage, lakini hakuishika. Tukaingia.

Daktari wa mishipa alikuwa mama wa rika langu. Alimuuliza kitu hatukuwa tumeulizwa. "Mzee, ukitembea, unafika wapi kabla usimame?"

"Kibanda hadi kibanda."

"Unasimama kwa nini?"

Mzee akaangalia chini. "Nyama ya mguu inakaza. Nikipumzika inaachilia. Sasa mtu mzima atasimama barabarani bure kama nguzo ya stima? Lazima asalimie mtu."

Nikageuka. "Yaani kuku za fundi wa viatu?"

"Hata sizijui hizo kuku."

Daktari alicheka, kisha akaniambia maji moto niwache kabisa, mguu usiosikia unaweza kuiva na mwenyewe hajui. Akasema mshipa unaoleta damu umeziba kwa paja, na sigara imechangia. Akaeleza matibabu haraka haraka. Mimi nilisomea shule ya jioni nikiwa mama tayari, na mwalimu alituzoesha usiitikie kitu hujaelewa. Nikamwambia, "Daktari, rudia polepole."

Akarudia. Wanapitisha mrija mwembamba kwa kinena, ndani ya mshipa, mpaka penye imeziba. Huko kuna kibaluni kidogo, wanakijaza, kinasukuma uchafu pembeni. Wakiona mshipa unataka kujifunga tena, wanaacha ndani kawavu kadogo ka chuma kaushikilie.

"Na mguu utabaki?"

"Mama, siwezi kukuapia. Kidole hicho kimeenda. Lakini damu ikifika, mguu tunaweza kuuokoa."

Siku yenyewe niliketi kwa benchi nje. Maombi marefu yalinikataa. Nilisema tu, Bwana, fungua njia, Bwana, fungua njia, mpaka mama aliyekaa karibu akaanza kuitikia amina bila kujua naombea nini.

Mzee hakulazwa usingizi, walimdunga ganzi hapo kwa kinena tu. Baadaye alinihadithia vile aliona mishipa yake kwa skrini kama mizizi, mmoja umekatika. "Halafu nikaona damu imeshuka," akasema, "kama mto mkavu wa kwetu siku mvua imenyesha milimani."

Nilipoingia wodini alikuwa amelala chali, amekatazwa kukunja mguu. Daktari akachukua kidole changu akakiweka mgongoni mwa mguu wa mzee. "Tafuta." Nikatafuta. Mshipa ukapiga hapo chini ya ngozi, polepole. Mguu ulikuwa na joto. Nililia mbele ya watu wote wa wodi na sikuona haya.

Kidole kilitolewa, na kidonda kilichukua muda kufunga, lakini kilifunga. Sigara ameacha, dawa anameza kila asubuhi, na kutembea ameagizwa atembee. Twiga wa kwanza alitoka ameinama upande mmoja. "Kumbe kidole kikubwa ndicho kilikuwa fundi," akasema. Sasa anabana mti na kisigino, na twiga wamenyooka.

Bado namwombea, na kliniki tunaenda. Nakuomba, usikae na habari hii peke yako. Kuna mtu kwa ploti yenu anauguza kidonda cha mguu kisichopona, na anaogopa hospitali kwa sababu ya msumeno. Msomee hii. Kama hasikii Kiswahili vizuri, mweleze kwa lugha yao, na umwambie aende mapema.